Mtumbwi Uliolala Kifudifudi

Biharamulo,
14 Agosti 1995

Mama yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba ule mguu uliokusumbua wakati wa kuvuna maharage umepata nafuu. Mimi huku sijambo, isipokuwa nimechubuka kiwiko. Nitakueleza mbele kidogo, usianze kuhangaika. Nisalimie shemeji yangu Domisiana na watoto wa marehemu kaka Pancras. Na wewe dada Deodata unayemsomea Mama, nakuomba usome yote kama nilivyoyaandika, hata pale utakapotamani kuruka. Isomeni mkiwa wawili tu.

Kazi yangu ya utarishi inaendelea. Natoka hapa na pikipiki ya shirika kupeleka barua na dawa kambini Benaco, nalala huko, narudi. Wakimbizi wa Rwanda bado wako kwenye vilima vile, na miti yote imebaki visiki. Tangu waje sijawahi kuona watu wamekusanyika bila kungoja kitu. Wanangoja maji, wanangoja unga, au wanangoja kuzika. Labda ndiyo maana madereva na watarishi walipoanza kusema tufanye mashindano ya pikipiki, niliitikia kabla sijafikiri. Yatakuwa Jumamosi na Jumapili hii, nje kidogo ya mji. Jumamosi kila mmoja atapita peke yake, ionekane nani aanze mbele, na Jumapili baada ya misa tutakimbia wote pamoja. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kushindana. Wengine wamekwisha kujipa majina makubwa, utadhani wameshinda tayari.

Sasa ugumu, Mama, uko hapa. Pikipiki za mashirika zimekatazwa, kila mtu aje na yake. Mimi sina. Iliyopo ni ya Pancras.

Najua ulisema hutaki kuiona wala kuisikia, na ndiyo maana tangu mazishi imekaa huku kwa Ndassa, fundi aliyekuwa rafiki yake. Ndassa aliunyoosha usukani, akabadilisha gurudumu la mbele, akaifunika turubai, akangoja familia iseme neno. Lakini familia yetu haijasema neno. Mwaka umepita, baba mkubwa amekuja zaidi ya mara moja kuomba tumalize msiba, nawe kila mara unamwambia huna ndizi, hali shamba limejaa na yeye amepita katikati yake. Deodata aliniambia kwamba mtumbwi wako wa kukamulia ndizi za pombe bado umelala kifudifudi nyuma ya nyumba, kuku wanatagia chini yake. Bila pombe iliyotoka kwenye mikono yako wazee hawawezi kukaa kumaliza msiba, na wasipokaa, Domisiana hawezi kuvua kile kitambaa cheusi. Kimeshachakaa, Mama.

Sababu niliijua nilipokuja Pasaka. Usimkasirikie Domisiana, alishindwa kuibeba peke yake. Alinieleza kwamba alikusikia jikoni ukisema kuwa ulimuua mwanao kwa mkono wako, kwa sababu asubuhi ile ulimpa kibuyu cha pombe kabla hajapakia magunia ya maharage ya kwenda kuuza Benaco. Waliomwokota alipoanguka na pikipiki kwenye kona ya juu ya mlima walisema shati lake lilinuka pombe. Tena walisema waliisikia injini ikinguruma kwa nguvu zote, haipungui hata alipoifikia kona, wakasema wenyewe kwa wenyewe kwamba huyo kalewa. Nilitaka kuja kukaa karibu yako siku ileile, nikaishia kuchukua jembe na kwenda shambani. Hata mimi niliamini alilewa. Nilimkasirikia, Mama, na kumkasirikia mtu aliyekufa ni kazi ngumu kwa sababu hawezi kukujibu.

Basi nikaiomba pikipiki, Ndassa akaifungua, tukaanza kuiandaa. Tumesafisha kabureta, tumekaza cheni, tumeweka plagi mpya. Jioni tumekuwa tukienda kwenye barabara iliyonyooka nje ya mji kufanya mazoezi. Ndassa amenicheka sana. Anasema naendesha kama nimebeba trei ya mayai, eti Jumapili hata wenye baiskeli watanipita. Kweli kazi yangu imenizoesha kwenda taratibu, chupa za dawa hazitaki mbwembwe. Ijumaa iliyopita akanitaka angalau mara moja tu nivute mafuta mpaka mwisho, tuone pikipiki inakwendaje. Tangu msiba hakuna aliyekuwa ameiendesha hivyo.

Deodata, hapa soma polepole.

Nilivuta mpaka mwisho. Nilipotaka kupunguza niliachia, lakini injini haikupungua. Niliachia kabisa, nikakanyaga breki, na bado ilikuwa inanguruma na kunisukuma mbele kwa nguvu zilezile. Mbele yangu barabara ilikuwa tambarare na haina kona, nikapata nafasi ya kukumbuka ufunguo. Nikauzima moto, nikaangukia kwenye majani. Ndicho hicho kiwiko. Ndassa alikuja mbio, na tulipofungua tukakuta waya wa mafuta, ule unaotoka mkono wa kulia kwenda kwenye kabureta, umechakaa ndani ya mpira wake na nyuzi zake zimekatika. Ukiendesha taratibu husikii lolote. Ukivuta mpaka mwisho, zile nyuzi zinanasa na waya haurudi. Mwaka jana Ndassa hakuubadilisha kwa sababu ulionekana mzima. Ni uleule wa siku ile. Alikaa chini barabarani akalia, nami nikalia.

Mama, mlima ule hakuna anayeupanda na magunia ya maharage bila kuvuta mafuta mpaka mwisho. Na ukifika juu tu, kona. Injini waliyoisikia watu wale, Pancras alikuwa ameshaiachia. Hakulewa. Kibuyu kama kile amekinywa tangu alipoanza kuota ndevu, akaenda shamba, akarudi. Ulimpa pombe kama unavyompa kila mtoto wako anayesafiri. Hukumuua mwanao, Mama. Hukumuua.

Tumeweka waya mpya. Ule wa zamani nimeufunga kwenye gazeti, nitakuletea uushike mwenyewe. Jumapili nitakimbia, ingawa naogopa, na hata nikiwa wa mwisho sitajali. Nataka watu waisikie pikipiki ya Pancras ikifika kwenye kona na kupunguza. Kesho kwenye misa ya Kupalizwa nitakuombea kwa Bikira Maria, nawe barua hii ikikufikia uniombee.

Wiki inayofuata nitakuja nayo Murusagamba. Nitaizima barabarani niisukume, isikushtue. Msalimie baba mkubwa, na majirani wote wanaoniulizia. Domisiana mwambie nimeandika, mengine umwambie wewe mwenyewe.

Usihangaike kutuma jibu. Nikifika nitapita kwanza nyuma ya nyumba, nione kama mtumbwi umegeuzwa.

Ni mimi mwanao,
Danstan