Baba, Haikuwa Kopa

Baba Paroko uliyetuombea asubuhi ya leo, Mheshimiwa Diwani, Mtendaji wa Kata, wazee wa sengu yetu, ambao bila ninyi ukoo huu hauli pamoja wala hauamui jambo, Bwana Shamba, wajomba mliopanda mlima kutoka Liuli, Mama, nanyi nyote wakulima wa Namswea: wakubwa shikamooni, wadogo nawasalimu. Mmenipa mimi, mtoto wa kwanza wa marehemu, nafasi ya kusema tunapomaliza matanga. Niwieni radhi, kwa maana niliyoyaandika sikuwaandikia ninyi. Nimemwandikia yeye aliyelala pale juu ya kahawa yake. Nitayasoma kwa sauti ili nanyi muwe mashahidi.

Baba,

Tangu ulipotuacha mvua haijakatika. Mahindi ya kwenye ngolo, mashimo yetu ya mlimani, yamefika kiunoni. Mama anaamka, anapika uji, kisha anakaa nao mpaka unapoa. Na kahawa yako, Baba, ile uliyoinyunyizia dawa siku yako ya mwisho, buni zake zimekuwa nyeusi mti hadi mti. Ugonjwa wa chulebuni umezila kana kwamba hakuna mtu aliyepita pale na bomba mgongoni. Najua hilo lingekuuma kuliko kifo chenyewe. Ndiyo maana nimeanza nalo.

Chama chetu cha ushirika kilipokuwa hai, kopa, ile dawa ya bluu ya kahawa, ilitoka ghalani kwake, ikafunguliwa mbele ya watu. Chama kilipokufa, biashara ikawa huria na barabara ikawa ya kila mwenye pikapu. Sisemi soko huria halikutuletea neema. Siku hizi kahawa yetu inagombewa na wanunuzi, na wewe mwenyewe ulilifurahia hilo. Nasema tu kwamba wale waliokuwa wakitukagulia dawa waliondoka, na hakuna aliyekuja kutuambia kwamba ukaguzi huo sasa ni kazi yetu.

Sisi tulikuwa na kipimo kimoja, nacho ni mkono. Tangu enzi za babu, kopa hukorogwa kwenye pipa kwa mkono mtupu hadi kwenye kiwiko, na mkono ukitoka na bluu isiyokubali sabuni, watu husema dawa imekolea. Jumapili ya msimu wa dawa, wanaume hupokea komunyo kwa mikono ya bluu, na hakuna anayeona haya. Shangazi alikuwa akiwasimanga vijana mlangoni mwa kanisa: "Mkono mweupe hivyo, wewe! Binti yangu utamlisha majani?" Kopa haikuwahi kumdhuru mtu hapa. Hatukuiogopa, kama vile mtu asivyouogopa unga wa mahindi.

Siku ile nilikuwa likizo. Ulipasua pakiti mpya uliyoinunua kwenye pikapu iliyopita kijijini, ukanionyesha jina la kiwanda na picha ya tawi la kahawa, vyote mahali pake. Ukazamisha mkono, ukakoroga, ukautoa ukiwa umekolea bluu. Ukanirushia tone kwa mbali ukacheka: "Mwalimu, njoo ubatizwe upya!" Nilikimbia. Hilo ndilo neno lako la mwisho la furaha ninalolikumbuka.

Hukumaliza hata mistari ya upande wa mto. Ulisema macho yanaingia giza. Jasho, Baba... mate yakikutoka kama mtoto anayeota meno, nyama za mwili zikirukaruka zenyewe. Tulikubeba kwa machela hadi barabarani. Hospitalini daktari alikufunua macho, na mboni zilikuwa zimesinyaa kama punje za ulezi. Akauliza ulikuwa unanyunyizia nini. Nikamjibu, kopa. Akasema, "Kopa haifanyi hivi, dada yangu." Walijitahidi. Mwili wako ulikuwa umekunywa mengi mno.

Maneno ya daktari niliyasikia mimi. Msibani yalisikika mengine. Kuku waliokufa pale ulipomwagia maji ya kusuuzia pipa wakawa ushahidi wa uchawi. Kisha mtu mmoja akakumbuka sengu ya mwisho, mlipogombania mpaka wa shamba wewe na mdogo wako, Baba Mdogo Alanus, naye akakuambia, "Utaiacha hiyo kahawa, kaka. Utaiacha tu." Kila mtu hapa ameyabeba maneno hayo. Jibu lako hakuna aliyelibeba. Ulimwambia, "Nikiiacha utaipalilia wewe, mvivu mkubwa!" Mkacheka wote wawili, na mikono yenu ikarudi kwenye sahani moja.

Umeondoka, na kicheko kile kimefutwa. Baba Mdogo alipoleta chakula chake kwenye sengu, hakuna aliyekigusa. Mke wake alifukuzwa mtoni na ndoo tupu. Miche yake ya kahawa iling'olewa mchana kweupe, na walioing'oa ni vijana aliowafundisha yeye mwenyewe kupogoa. Aliondoka na familia yake bila kuaga. Wajomba hawa walimhifadhi Liuli, ambako anaanika usipa, dagaa wa ziwani, kwa kibarua, mtu wa milimani asiyejua hata kushika kasia. Amefiwa na kaka yake, na hakuruhusiwa kumlilia.

Bwana Shamba alikuja nilipomwita. Alivaa glovu, akachota unga kwenye pakiti uliyoiacha, akautia kwenye chupa ya maji mbele ya wazee hawa. Akatia na kopa halisi kwenye chupa ya pili. Tukasubiri. Kopa halisi ilizama na rangi yake, maji yakabaki karibu meupe. Ile yako ilizama nyeupe kama majivu, na maji ya juu yakabaki bluu kama ya kusuuzia shuka. Mama alikuwa wa kwanza kuitambua: bluu ya kufulia, ile anayoweka dirishani. Sampuli ilipelekwa kupimwa, na jibu limefika: sumu kali ya wadudu iliyokwisha muda wake, ikapakwa rangi na kutiwa kwenye pakiti ya kuigiza.

Baba, haikuwa kopa. Haikuwa Alanus. Ni mtu aliyejua kwamba sisi hupima kwa rangi, akatuuzia rangi.

Nakuahidi kwamba sitalisema hili mara moja nikanyamaza. Nitalisema darasani, gulioni na kanisani, hata nikichosha. Kwaheri, Baba. Pumzika, kahawa yako tutaipogoa upya.

Sasa nageuka kwenu mlio hai. Wazee wa sengu wamekaa tangu alfajiri, nao wamenituma niutangaze uamuzi wao. Kila pakiti iliyotoka kwenye pikapu ile, iliyofunguliwa na isiyofunguliwa, iletwe leo kabla ya jua kuzama kwenye ghala la zamani la chama, ambako Bwana Shamba na Mtendaji wataifungia na kuilinda hadi ichukuliwe. Asiichome mtu, asiifukie, asiimwage mtoni. Mto huu unashuka ziwani, na huko kuna wanaokunywa. Anayemjua muuzaji amtaje kwa Mtendaji. Na kuanzia leo hata kopa ya kweli itakorogwa kwa mti. Najua ninawaomba nini: buni zinaoza, na wengi wenu hamna dawa nyingine. Toeni hivyo hivyo.

Kesho wazee watateremka Liuli kumrudisha Baba Mdogo Alanus, na walioing'oa miche yake watatangulia mbele. Akifika, sengu itakula kwenye sahani yake kwanza. Asiyeweza kula aseme sasa, mbele ya kaburi hili, akiziangalia zile chupa mbili zilizo hapa mezani.

Pakiti za nyumba hii tumekwisha kuzipeleka ghalani. Mlango uko wazi. Inukeni, mkalete zenu.