Kesho Pedroso Anarusha Dhidi ya Quintana

Camajuaní,
Villa Clara.
Jumamosi, 16 Machi 2019

Mdogo wangu mpendwa Zoraida,

Hujambo? Gilberto hajambo, na wale mabinti zako wawili? Natumaini mgongo umeacha kukusumbua na kwamba sasa unalala vizuri. Sisi huku wazima wa mwili. Wifi yako Nereida presha imeshuka kidogo, anapika na kugomba kama kawaida. Mimi nina macho mabovu na ulimi mkali, vile vile ulivyoniacha.

Barua hii anakuja nayo Ofelia wa mtaa wa pili, anayeruka kesho alfajiri kuja kwenu Tampa. Sikutaka kukupigia simu. Simu unajua iko sebuleni kwa jirani, na sebule ile haikosi watu. Isome ukiwa peke yako, na uisome mpaka mwisho, hata kama mwanzo wake ni besiboli tu.

Umeniuliza kuhusu mchezo wa kesho. Placetas wanakuja kwetu saa nane mchana, na atakayeshinda anaingia nusu fainali ya mkoa. Sikupaki mafuta kwa mgongo wa chupa: tutapigwa.

Kwetu anarusha Bárbaro Pedroso, yule yule fundi wa kiwanda cha sukari. Ana miaka thelathini na tisa sasa. Jumatano alirusha mipira mia na thelathini dhidi ya Remedios, na tangu siku ile bega amelifunga kitambaa chenye kafuri, ananuka kama kabati la bibi. Mpira wake wa kasi hauna kasi tena. Anaishi kwa ule wa kupinda, unaokuja polepole mpaka mpigaji anaharakisha na kupiga hewa. Shida ni kwamba watu wa Placetas wana subira. Wanne kati ya tisa wanapigia kushoto, na katika michezo mitano iliyopita wameingiza pointi thelathini na nane. Nimezihesabu mwenyewe, maana bado mimi ndiye karani wa timu, naketi nyuma ya mdakaji na daftari langu, naandika kila mpira.

Kwao anarusha Ariosvel Quintana. Miaka ishirini na mbili, mrefu, mkono wa kushoto, hana huruma. Anarusha ndani, karibu kabisa na mbavu za mpigaji. Msimu huu amegonga watu sita, na wa mwisho alivunjika kidole gumba.

Wapigaji wetu nao, ole wetu. Orestes, anayeanza kupiga, ndiye pekee mwenye moto. Amepiga tisa katika michezo mitano. Leonel, yule mnene wa nne, gongo lake limelala kabisa. Zamu kumi na tisa, amepiga mbili tu. Tangu amzike mama yake anasimama pale kama mtu anayesubiri ofisi ifunguliwe, na hakuna mwenye roho ya kumwambia kocha amtoe.

Sasa Reinier wangu, anayepiga wa tatu. Ukisoma namba tu utasema mtoto wa kaka yako anaendelea vyema: saba katika zamu ishirini na mbili. Lakini kwa michezo minane hajajitupa chini hata mara moja kuingia kituoni. Wewe unamjua, huyu alikuwa anajitupa hata pale ambapo hakuna anayemkimbiza. Na amesogea nyuma nusu hatua anaposimama kupiga, ili mpira wa ndani usimguse. Mpigaji aliyesogea hivyo haufikii mpira wa nje. Quintana atamla bila chumvi.

Wazee wa benchi la bustani nao wameona. Jumanne Evelio kinyozi alinipigia kelele mbele ya watu:

"We Eladio! Huyo mwanao anacheza besiboli au anakwenda harusini? Mbona hataki vumbi?"

"Anamwonea huruma mama yake," nikamjibu. "Sabuni yenyewe iko wapi?"

Walicheka, nami nikajichekesha. Nereida yeye amefurahi kweli. Ananionyesha suruali za Reinier zilizo kwenye kamba, hazina magoti mekundu tena, anasema hatimaye mtoto amekua.

Zoraida, nimeandika daftari hili miaka thelathini na moja. Mchezaji anayeacha kujitupa chini ama ameumia, ama anautunza mwili kwa ajili ya safari. Nimewaandika wengi namna hiyo kabla majina yao hayajatoweka kwenye orodha. Maikel naye hakujitupa michezo yake sita ya mwisho. Niliona nikanyamaza, nikijiambia nisimwekee mwanangu mkubwa kizuizi.

Safari hii sikunyamaza. Alhamisi nilimkalisha Reinier mezani, mama yake akiwa kwenye foleni ya mkate.

"Goti linauma?"

"Sina kitu, mzee."

"Kisigino?"

"Nimesema sina kitu."

"Basi unaondoka lini?"

Akaweka kijiko chini. "Jumatano. Ndege mpaka Guyana, halafu mabasi, halafu ule msitu, mpaka kwa shangazi Tampa. Usimwambie mama. Nitampigia nikishavuka."

"Ule msitu si wa kuingia, Reinier."

"Maikel si alipita? Si aliandika mwenyewe kwamba njia haikuwa mbaya? Mzee, Maikel alikuwa anamkimbia mbwa wa Evelio! Yeye apite, mimi nishindwe?"

Nikachukua sahani nikaenda kuziosha, mimi ambaye sioshi sahani. Kumbe na zile buti alizokuomba, ukadhani ni za kazini, ni za huko.

Maikel hakuandika chochote. Uliandika wewe, na wewe na mimi tu ndio tunaojua. Mwaka wa tatu huu tangu yule mtu wa kundi lao akupigie simu kukueleza jinsi mto ulivyomchukua mle msituni. Mimi ndiye niliyekusihi usimwambie Nereida, kwa sababu alikuwa ametoka kupasuliwa moyo na daktari alisema asishtuliwe. Mimi ndiye niliyesema andika barua moja kwa jina la mtoto, moja tu, mpaka apate nguvu. Sasa zimefika kumi na moja. Umezipiga chapa vizuri, umempa Maikel kazi kwenye ghala la matofali, umemfanya aulize mdogo wake anapigaje siku hizi. Nereida anazo zote kwenye kopo la biskuti, na Reinier anazijua kwa moyo.

Sikulaumu, mdogo wangu. Uongo ni wangu, mkono tu ndio uliokuwa wako. Lakini yale maneno kwamba njia haikuwa mbaya, uliyoyaweka ili mama asiwaze, ndiyo yanayompeleka mwanangu wa pili mahali pale pale.

Nitamwambia kesho, mchezo ukiisha. Si kabla. Mtu aliyepewa habari ya msiba asubuhi hasimamishwi mchana mbele ya Quintana, anaweza kusahau hata kuinamisha kichwa. Najua unavyonifikiria, kwamba nimepata tena sababu ya kuchelewesha. Ni kweli nimepata, ila safari hii ni ya saa chache.

Na hataniamini. Atasema nazua ili nimfungie nyumbani, na mimi katika nafasi yake ningesema hivyo hivyo. Atakachofanya ni kukupigia wewe, pengine jioni hiyo hiyo. Ndiyo maana nimekuandikia haraka hivi. Usimkwepe. Mpe yote: jina la yule mtu, siku aliyopiga simu, jina la mto. Akikutukana, mwache atukane. Wewe ni shangazi yake, na ni neno lako peke yako linaloweza kumzuia asipande ile ndege.

Nereida nitamwambia mwenyewe Jumatatu, dada yake akiwa hapa na daktari akijua. Naogopa, Zoraida. Naogopa kumpoteza siku hiyo hiyo, na naogopa zaidi macho atakayonitazama nayo akibaki hai. Hata hivyo siwezi kuwazika wanangu wawili kwa maneno yangu mwenyewe.

Usiandike tena kwa jina lake. Ile ya mwezi ujao, kama umeshaianza, ichane.

Nisalimie Gilberto. Yamila na Odalys waambie mjomba wao bado anazo picha zao juu ya redio. Mungu aifunike nyumba yenu, na sisi wa huku atupe nguvu ya siku hizi mbili.

Wifi yako ananiita kutoka jikoni. Amejua nakuandikia wewe, hajui ninaandika nini. Anakusalimu sana, na kama kawaida yake ameniagiza nikuombe umfikishie Maikel salamu zake, umwambie ale vizuri na avae sweta. Nimemjibu kwamba nimeshaandika.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye siku zote,

Eladio