Kona ya Mbele Kulia

Okaya, Japani, 12 Novemba 2023

Baba Mkubwa Teruo, shikamoo.

Theluji ya kwanza imeonekana vileleni, lakini ziwa bado. Sisi ni wazima. Mama analalamikia magoti, ila matunda yake ya persimoni ya kukausha ameyatundika mwenyewe barazani na hataki kusaidiwa. Presha yako je? Mke wangu Mizuho anauliza kama bado unakula maharage meusi kila siku ya Mungu, au umeikumbuka supu yetu ya miso.

Nimelipata gari la baba. Si la aina ile, ni lile lenyewe. Bibi alipofariki tulikuta kwenye droo yake nakala ya cheti cha usajili yenye namba ya chesi. Nimelitafuta miaka mitatu. Liko Nagoya kwa muuzaji aitwaye Kakizaki, jeupe vile vile kama kwenye picha ambayo baba amenikalisha juu ya boneti.

Bei yake ni yen milioni tisa na laki nane. Najua baba alilinunua kwa chini ya theluthi ya hizo. Kakizaki anasema Wamarekani wanayafagia magari haya, na hili halijagongwa hata mara moja. Cheti cha ukaguzi kinasema hivyo. "Gari la miaka thelathini na tatu lenye bodi yake ya kuzaliwa," aliniambia, "hilo halinunuliwi, linaposwa."

Wewe ndiye fundi bodi pekee ninayemwamini. Naambatanisha picha kumi na moja. Niambie, lina thamani ya bei hiyo? Pesa ni zile tulizoweka kwa ajili ya nyumba. Mizuho amekubali, kwa sharti kwamba wewe useme ndiyo.

Nilikuwa na miaka miwili moyo wa baba uliposimama. Sina kitu kingine alichokishika.

Mwanao,
Kohei

Suzano, Brazili, 9 Desemba 2023

Mwanangu Kohei, marahaba.

Huku ni joto, hata paka wa jirani amehamia kwenye sakafu ya gereji yangu. Presha inapanda na kushuka kama mtu asiye na kazi. Mwambie Mizuho miso ninayo, naipata kwa mjane mmoja wa Nagano aliyefika huku kabla yangu, ila anaitia chumvi kama anayelipiza kisasi.

Picha zako nimezitazama siku nne kwa kioo cha kukuzia. Usilinunue.

Gari la umri ule lina mipira iliyokauka usiyoiona: ya breki, ya mafuta, ya milango. Kiwanda kiliacha kutengeneza nusu ya vipuri. Injini yake ni nzuri, sikatai. Wale vijana walioiunda walipewa pesa na uhuru ambao hakuna mhandisi atakayepewa tena. Lakini bei hiyo si ya injini. Sheria ya Marekani hulizuia gari la namna hii kuingia nchini mpaka litimize miaka ishirini na mitano, na lilipotimiza, watu waliolitamani utotoni wakaja na mifuko ya pesa. Unalipia utoto wa mtu mwingine.

Nunua nyumba. Baba yako angekwambia hivyo.

Nipe habari za ziwa likiganda. Nilipoondoka lilikuwa likinguruma barafu inapopasuka, na bibi yako alikuwa akisema ni mizimu inavuka. Miaka thelathini sijasikia kitu kinachonguruma hivyo.

Baba Mkubwa wako,
Teruo

Okaya, 14 Januari 2024

Baba Mkubwa, shikamoo, na heri ya mwaka mpya.

Tumekula keki za mchele za mwaka mpya, zile zinazonata kooni, hakuna aliyekabwa. Binti yetu Wakana amejifunza kuendesha baiskeli, ameng'oka jino bila kulia. Ziwa halijaganda, na wazee wanasema halitaganda tena.

Nimesoma barua yako. Samahani, lakini umeandika kama karani wa bima. Mipira ya breki naweza kubadilisha mwenyewe. Na baba angesema nini, mimi na wewe nani anajua? Wewe angalau uliisikia sauti yake.

Nilipomwonyesha mama picha, aliacha kumenya chungwa. Akasema, "Haliwezi kuwa lile. Lile lilipelekwa kuyeyushwa." Nikamwonyesha namba ya chesi. Akaniambia, "Namba zinafanana," akaenda jikoni, na mpaka leo hataki kulizungumzia. Nadhani uzee umeanza.

Karatasi za zamani zinaonyesha kwamba aliyeliuza baada ya msiba ni Momose Teruo. Ni wewe. Kwa hiyo swali langu ni moja, na ukitaka lijibu kwa neno moja. Lilipotoka mikononi mwako, lilikuwa limewahi kugongwa?

Kakizaki ananishikia mpaka mwisho wa Februari.

Mwanao,
Kohei

Suzano, 3 Aprili 2024

Mwanangu Kohei,

Nakusalimu wewe, Mizuho na Wakana. Afya yangu tuiache leo.

Nilipaswa kujibu siku ile ile. Nimeandika barua nne nikazichana. Naomba iwe hukununua.

Limegongwa. Moyo wa baba yako haukuwa na ugonjwa wowote. Jumapili moja ya Juni 1992, saa tatu asubuhi, alimwambia mama yako anakwenda kazini, akapanda mlima kushindana mbio za magari na wenzake. Barabara ilikuwa na maji. Gari likateleza, likavuka upande wa pili, likapiga ukuta wa zege kwa kona ya mbele kulia. Yeye alikuwa amekaa upande huo.

Maneno ya ugonjwa wa moyo yalitoka kwa bibi yako. Alisema, "Kufa kwa maradhi ni msiba. Kufa kwa mchezo ni aibu, na mtoto ataibeba shuleni." Sote tukakubali, mama yako pia. Ulipokua, kila mmoja alimwachia mwenzake akwambie.

Bibi aliniagiza nilipeleke gari likayeyushwe. Nililikokota mpaka gereji kwangu nikalifunika turubai. Mwezi mzima sikuligusa. Kisha nikaanza na kuosha viti. Nilikata kona kutoka gari jingine lililogongwa nyuma, nikaichomelea, na boriti ya chini iliyopinda, ule mhimili wa chuma unaobeba mbele ya gari, nikaipasha moto nikaivuta mpaka ikanyooka. Nilikuwa na miaka thelathini na minane, na mkoani kwetu hakuna aliyekuwa akinizidi. Nilihesabu alama za kiwanda za uchomeleaji upande wa kushoto, nikazirudia kulia kwa idadi na nafasi zile zile. Nilijiambia ni kwa heshima ya ndugu yangu. Halafu nikaliuza kama gari lisilo na doa, na nauli yangu ya kuja huku ikatoka humo.

Ukitaka ushahidi, vua taa ya kulia upitishe kidole nyuma yake. Gundi ya kuziba maungio nilipaka kwa mkono wangu wa kushoto. Imeburutwa kinyume na ile ya kiwanda. Ncha yake niliiona kwenye picha yako ya saba, ile ya boneti wazi.

Boriti ile ikipashwa moto hairudi kuwa ile ya kwanza. Likigonga tena upande huo litakunjika, na pedali zitaingia kwenye miguu ya dereva. Hilo ndilo nililopaswa kukuandikia Desemba badala ya mipira ya breki.

Bei ile yote ni kazi ya mikono yangu, na haina thamani hata ya tairi zake.

Teruo

Okaya, 8 Septemba 2024

Baba Mkubwa,

Sisi ni wazima.

Nililipa tarehe 29 Februari. Nilimwambia Mizuho kwamba umesema ndiyo. Swali la kugongwa ulikuwa hujalijibu, nikajiambia kwamba kama lingekuwa limegongwa, mtu mkali kama wewe angesema upesi. Barua yako ilifika nimetoka kumpeleka Wakana kula tambi za soba, gari bado la moto.

Nilivua taa. Nimeigusa gundi yako.

Nikampelekea mama barua. Aliisoma akiwa amesimama. Akasema, "Teruo alikuja hapa akaniinamia mpaka paji likagusa mkeka, akasema ameliona likipondwa kwa macho yake. Nilimpa bahasha ya shukrani. Akaipokea." Hilo hukuliandika.

Nikarudi kwa Kakizaki. Alicheka. "Barua ya mzee wa Brazili? Kaka, hiyo ni riwaya, kamtafute mchapishaji." Nikalipeleka gari kwa mkaguzi niliyemlipa mwenyewe, bila kumwambia kitu. Alipima unene wa rangi, alilala chini yake saa nzima na taa. Alisema hajawahi kuona gari safi kama hilo, akaniomba apige nalo picha.

Agosti nililiuza kwa Mmarekani mmoja. Milioni kumi na moja. Aliniuliza, kupitia kijana wa kutafsiri, kama limewahi kugongwa. Nikasema hapana. Aliniuliza kwa nini naliuza, nikamwambia lilikuwa la baba yangu aliyefariki kwa moyo. Akanishika bega.

Novemba tunahamia kwenye nyumba. Mizuho hajui. Usiniandikie tena mambo ya boriti.

Kohei

Suzano, 17 Agosti 2025

Mwanangu Kohei,

Hii ni barua ya nne tangu ile yako, na hujajibu hata moja. Natumaini nyumba haivuji, na magoti ya mama yako hayajazidi. Sitaji mengine ya afya kwa sababu sina haki ya kuulizwa yangu.

Ni kweli niliipokea bahasha. Ilikuwa na yen elfu thelathini, na mama yako alikuwa ameipiga pasi karatasi yake.

Sikuandikii kukuhukumu. Nataka tu jina na anwani ya Mmarekani uliyemuuzia. Nimeandika ukurasa mmoja, binti wa jirani ameutafsiri kwa Kiingereza, na nimechora kona yenyewe, pale pa kuvua taa na pale boriti ilipopashwa moto. Nimetia sahihi na anwani yangu, ili lawama ije kwangu peke yangu. Jina lako halimo.

Mtu yule amekaa upande ule ule wa kulia, Kohei. Ana mwaka mzima akiliendesha.

Bahasha ya kwenda kwake iko hapa mezani imebandikwa stempu. Mbele hakuna kilichoandikwa.

Baba Mkubwa wako,
Teruo