Bega la Zuhura

Jumatatu, 1 Septemba
Magauni manne ya shule leo. Matatu yamekubali. La nne, la binti yangu Zuhura, limekataa. Kushoto pindo linashuka vidole viwili. Nimefumua, nimeshona tena. Bado. Miaka kumi na sita ninashona hapa Rumonge, nashindwa na gauni la mtoto wa miaka kumi na miwili. Aibu.

Jumanne, 2 Septemba
Nimemvalisha binti wa jirani gauni lile. Kimo chao ni kimoja. Limekaa sawa kabisa. Nikafurahi, kumbe kosa si langu. Halafu furaha ikanitoka.
Nikamtazama Zuhura vizuri. Bega la kulia liko juu. Alipoinama kuokota pini, mgongo uliinuka upande mmoja. Haumwi popote. Anacheka tu, eti namtekenya.

Alhamisi, 4 Septemba
Mama mkwe, tunayeishi naye, anasema ni ndoo za maji. Ndoo ninazomtuma mimi. Jirani naye kaleta habari za mtu wa Gatete aliyepinda mpaka akawa anatembea akitazama vidole vyake. Sikumuuliza kama alipona.
Leo nimechota maji mwenyewe. Zuhura amenuna. Bombani ndiko waliko rafiki zake.

Jumatatu, 8 Septemba
Hospitali. Daktari wa mifupa ni Mkongo, kijana, mpole. Alimwinamisha Zuhura, akampeleka kupigwa radio, ile picha ya mifupa. Kwenye picha uti wa mgongo umepinda kweli. Nikaungama habari za ndoo kama mwizi.
"Hapana, mama. Ndoo haiwezi kupinda mugongo hivi. Hata begi ya masomo. Inakuja tu wakati mutoto anarefuka, na sababu hatuijui."
Zuhura akauliza kama atapasuliwa.
"Hapana. Iko kidogo. Cheza, kimbia, beba maji ya mama."
Arudi Januari. Kupinda kukiongezeka, atavaa mkanda wa kushikilia mgongo mpaka amalize kukua. Nikamshukuru, murakoze mara tano. Hofu ipo, lakini sasa ina kipimo.

Jumatano, 10 Septemba
Habari imeenea. Wateja wanataka niwakague migongo kabla ya kuwapima nguo. Mama mkwe aliinama wa kwanza, akashindwa kuinuka, tukamwinua wawili huku tukicheka mpaka machozi. Mgongo wake umenyooka. Anajigamba tangu asubuhi.
Gauni la Zuhura nimelikata upya kufuata mwili wake. Limempendeza.

Ijumaa, 9 Januari
Bado siku tatu turudi hospitali. Nimeshona mkono wa blauzi kichwa chini. Zuhura amerefuka sana, na kurefuka ndiko ninakokuogopa. Yeye anaimba.

Jumatatu, 12 Januari
Radio ya pili. Daktari aliziweka picha mbili sambamba, akapima, akapima tena. Kupinda hakujaongezeka. Hakuna mkanda. Turudi Mei.
Tulipita sokoni kununua ndagala, dagaa wa ziwani. Zuhura alitembea mbele, akisimulia mwalimu wao mpya anavyopiga chafya. Njia nzima sikuyatazama mabega yake. Nimegundua sasa, ninapoandika.