Barua ya Siku Saba

Jumatatu, 3 Machi
Semina ya waajiri imekwenda vizuri mno. Nimenguruma saa nzima juu ya pensheni. Nikawaambia: mwajiri asiyemchangia mfanyakazi wake ni mwizi aliyevaa tai. Makofi! Mwenye kiwanda cha magodoro hakupiga. Alikuwa anailegeza tai yake.
Hotuba kaichapa Shangazi, kama kawaida. Si shangazi yangu wa damu — ni karani wa ofisi yetu ya mawakili, sote tunamwita hivyo. Miaka ishirini na sita sasa. Anachonipa nisaini huwa sikisomi hata. Ya nini?

Jumatano, 5 Machi
Shangazi anasema magoti yamechoka, mwisho wa mwezi anapumzika. Nikampa pole, nikamwahidi keki. Akaniuliza mafao yake yakoje. Nikacheka. Yeye hakucheka.
Jioni kaniletea barua kumi na moja. Nimezisaini zote huku naongea na simu.

Alhamisi, 6 Machi
Kwenye barua zilizoingia leo kuna moja ya madai. Mteja amefanya kazi miaka ishirini na sita bila kuchangiwa pensheni hata mwezi mmoja. Tuna siku saba, la sivyo mahakamani. Nikasema, loo, wakili huyu ana makali! Nikashusha macho kutazama saini.
Yangu.
Karatasi yetu, muhuri wetu! Nikamwita Shangazi, nikafoka mpaka miwani ikaanguka. Kaiokota, kanipa. Akanieleza kwa upole kuwa ni barua ileile tunayowapelekea waajiri wengine, yeye kabadilisha majina tu. Na nakala kashaifikisha kwa mdhibiti wa mifuko ya pensheni. Wamempokelea kwa saini.

Jumamosi, 8 Machi
Nimempigia wakili mwenzangu anitetee. Kacheka hadi akapaliwa. Eti mganga hajigangi! Kisha akaniuliza: mwajiri mwenye kesi kama hii huwa namshauri nini? Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata.
Lakini aliyeniudhi ni mke wangu. Nimemweleza kwamba Shangazi kwetu si mfanyakazi, ni familia. Kaniuliza Shangazi anaishi wapi. Ana watoto wangapi. Sijui! "Familia gani hiyo?" kasema, akaendelea kupiga pasi.

Jumatatu, 10 Machi
Nimeona haya leo. Nimepitia mlango wa nyuma wa ofisi yangu mwenyewe.

Jumanne, 11 Machi
Kesho kutwa siku saba zinakwisha. Nimeamua kujibu. Mwanasheria hafi bila kujibu barua.
Tatizo — nani achape? Nikasubiri Shangazi aende kula chumba cha nyuma, nikakaa mwenyewe kwenye kompyuta yake. Kidole kimoja. Nusu saa, mistari miwili: huyu mama hakuwahi kuwa mwajiriwa wetu, alikuwa akija tu kutusaidia kwa... Hapo herufi zote zikageuka kubwa! Nikabonyeza huku, nikabonyeza kule, wapi! Jasho linanitoka. Na mazoea yana taabu — nimeita kwa sauti kubwa, kama ninavyoita kila siku:
"Shangazi! Njoo unisaidie!"
Kaja mbio na magoti yake hayo, bado anatafuna. Kabonyeza mahali pamoja tu, herufi zikatulia. Kisha akasoma.
Mstari wa kwanza. Wa pili. Akarudi wa kwanza.
Nilitamani anitukane. Nilitamani ardhi ipasuke. Kanigusa bega nimpishe kiti, nikampisha. Kakaa, kapangusa vidole kwa leso, kaviweka juu ya vitufe.
"Sentensi haijaisha, Wakili. Nilikuwa nakuja kuwasaidia kwa nini? Kwa hisani? Kwa kupenda kwangu? Wewe sema, mimi nichape."
Nimefungua daftari hili, najifanya natafuta neno. Nimeshajaza ukurasa mzima. Mgongo wake umenyooka vilevile, macho kwenye kioo cha kompyuta.
"Nasubiri, Wakili," anasema. Nami nafungua ukurasa mwingine.