Viatu vya Theluji Dagoretti Corner

Mama Kamau mrembo wangu, hujambo wewe na hayo magoti yako?

Jana mjukuu wetu Wanjiku, mwenye jina lako na ulimi wako, alinipeleka Dagoretti Corner, hapa Nairobi, tutafute nguo zake za baridi za kwenda nazo masomoni Kanada. Wenzake wa chuo huko wameshamwalika kuteleza kwenye theluji. Muuza mitumba akachomoa viatu vya mchezo huo, vizito kama mawe. Nikavijaribu mimi. Havikunjiki! Nikatembea kama bata aliyeshiba, soko zima likacheka.

Hata hivyo nikataka kumnunulia. Wanjiku akapiga magoti kunifungulia vifungo. "Guka, anayeanza hukodi huko huko, akimaliza anarudisha."

"Mjukuu wangu avae viatu vya watu?"

"Kwani hivi vya mitumba ni vya nani?"

Nikamwambia, "Basi ukodi kila kitu, mke wangu mdogo, hata kijiko. Usinunue kitu cha kukufanya ukae huko."

Akacheka, lakini mguu wangu hakuuachilia.

Niwekee sahani ya githeri Jumamosi nikirudi nyumbani. Wewe sikukukodi, kwa hivyo sikurudishi kwa mtu.

Mzee wako mkorofi