Tromboni ya Babu Yako Haikai Kabatini kwa Felisiani

Morogoro,
Jumanne

Koku,

Nani alikutuma uitoe? Nauliza tena, nani? Tromboni ya babu yako, aliyoipuliza kanisani mpaka meno yakamwisha, wewe umeibeba kwa mikono yako miwili ukampa Felisiani, mwalimu wenu wa matarumbeta, aifungie kabatini, kisha ukarudi nyumbani kulala kifudifudi. Mtu amekucheka siku moja tu, na wewe umemmalizia kazi yake. Sikukulea hivyo.

Marahaba, ingawa hujaniamkia. Mu wazima? Kifua cha baba yako kimepona? Kahawa mmeanika? Msianike kwenye udongo, mkeka upo darini. Mimi sijambo huku kwa shangazi yako. Mtoto wake ananenepa, namwogesha mwenyewe, sitaki mtu mwingine amguse kitovu. Joto la huku ni la kuivishia maharage, na ndizi wanazotuuzia ukizipika zinakuwa ngumu kama sabuni. Nakula hivyo hivyo.

Naandika kwa sababu simu ya baba yako inasikika mpaka Kimuli, na haya sitaki yamfikie Felisiani kabla ya siku yake. Nilisoma mpaka darasa la nne tu, kwa hiyo vumilia mwandiko.

Baba yako amenieleza yote. Kwamba siku ya mchujo wa usharika, wa kumpata wa kwenda usaili wa dayosisi, kulikuwa na ukungu na baridi, ukasimama mbele ya wazee wa kanisa, ukavuta ule mkono wa tromboni, ukagoma. Ukavuta tena, ukagoma. Felisiani akainama akaunusa, akawageukia watu: "Jamani, huyu katuletea chungu cha samli! Mpelekeni jikoni akakaange." Watu wakacheka. Akamwita Edga, mtoto wa dada yake, akapuliza na tromboni ya usharika, akapita.

Samli ni mimi niliyekwambia. Ulinipigia ukasema mkono umekaza, nikajibu, paka samli. Kwetu samli tunapaka ngozi, tunapaka mkanda, tunampaka mtoto mchanga, nikadhani na shaba itakubali. Haikukubali, iliganda kwa baridi. Basi. Nimesema, na sitarudia kusema.

Lakini Felisiani alijua. Mafuta ya tromboni yamo kabatini mwake, baba yako amekiona kikopo, ya Edga inapakwa kila Jumamosi. Na wiki nzima kabla ya mchujo alikuona mazoezini unapaka samli, akanyamaza. Mtu aliyekunywa kahawa kwangu! Mtu ambaye kila Krismasi anaondoka kwenye kibanja changu cha migomba na mkungu begani! Akanyamaza. Mwambie baba yako mwaka huu mkungu huo apewe mbuzi. Jumapili mchungaji wa huku alihubiri habari za kusamehe. Nikamwambia mlangoni, "Baba, mimi nitasamehe usaili wa dayosisi ukishapita." Akacheka. Mimi sikucheka.

Sasa nisikilize. Jirani yetu hapa ni Mzee Salehe, alipuliza tromboni kwenye bendi mpaka akastaafu. Kila asubuhi anapuliza uani kwake mtoto anaamka, nikaenda kugombana naye. Nilipoona anachopuliza nikaacha ugomvi, nikamweleza habari zako. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Samli, Bibi?"

"Ndiyo, samli. Ukimaliza kucheka niambie la kufanya."

Amenifundisha siku tatu, naye ni mkali kuliko mimi. Nimeandika kila kitu.

Kwanza uioshe. Maji ya vuguvugu na sabuni, siyo ya moto. Pitisha kitambaa chembamba ndani ya mkono mpaka kitoke cheupe. Halafu paka mafuta yaliyomo kwenye kifurushi hiki, kidogo tu, mkono uteleze kwa kidole kimoja.

Kila asubuhi, kabla hujashika jembe, anza na sauti ndefu. Moja moja, laini, unahesabu mapigo ya saa ya ukutani, sauti isitetemeke. Kisha mkono usisogee kabisa, sauti ipande na kushuka kwa midomo tu. Kisha vituo vyote saba vya mkono, polepole, mpaka ukifumba macho ujue kila kimoja kilipo. Felisiani anawakimbiza kwenye wimbo kabla hamjajua vituo. Nasikia Edga kituo cha saba mkono wake haufiki, anaibia njiani. Vizuri. Aendelee kuibia.

Jioni ni do re mi na wimbo wa usaili. Ukikosea, rudia pale ulipokosea, usirudie wimbo mzima kujifurahisha. Muda uliopuliza, pumzika muda huo huo. Mdomo ukivimba, acha. Mdomo uliopasuka haulipizi kisasi.

Na hofu nayo ina mazoezi yake. Panda na ndoo ya maji kutoka mtoni, itue, na papo hapo moyo ukiwa unadunda, puliza wimbo mara moja mbele ya wanaochambua kahawa. Hakuna kurudia. Mama Espe, yule anayetusaidia kulima, mwombe acheke kwa nguvu kila ukikosea. Anajua kucheka vibaya, nimemsikia.

Tangazo la dayosisi baba yako alinisomea. Nafasi ya tromboni kwenye bendi ni moja, na anayeitaka aje na barua ya mchungaji wake. Ya mchungaji, Koku, siyo ya mwalimu wa matarumbeta. Hapo Felisiani, alipowasomea tangazo, alipasoma kimoyomoyo. Mchungaji wetu nimeshampigia, barua yako iko mezani kwake. Zimebaki wiki sita. Nataka Edga apulize kwanza, Felisiani awe amekaa mbele na suti yake ya kahawia, ndipo uingie wewe. Usimtukane. Nataka akusikie mwanzo mpaka mwisho, na asipate hata pa kukohoa.

Ukishinda nitakuja. Ukishindwa kwa haki nitakuja pia. Ukibaki kitandani, siji.

Msalimie baba yako, na mama yako mwambie migomba ya nyuma ya nyumba imebanana, apunguze machipukizi. Msalimie wifi yangu anayenilishia kuku, na shemeji yangu mzee wa kanisa, mwambie nimesikia kwamba naye alicheka. Mke wa Felisiani msalimie pia, yeye hana kosa.

Ni mimi bibi yako,
Adelina

Jina nimeshaandika lakini karatasi ina nafasi. Jumamosi hii, mazoezi yakiwa yamejaa watu, ingia na baba yako. Mwamkie Felisiani shikamoo kama kawaida, kisha sema, "Nimefuata tromboni ya babu." Akianza maneno, usijibu, simama hapo mpaka kabati lifunguliwe. Ukishaishika usitoke nayo kimya. Mkono ukiwa bado umeganda haidhuru, sauti ndefu haihitaji mkono. Simama mlangoni, uwaangalie wote, na upulize moja, mpaka pumzi iishe.